Jim, Artemis au Quill: kijana wako aanze na mwizi yupi?

"Mjomba, huyu jamaa mwizi. Mbona nampenda?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo jioni moja akiwa kidato cha pili, amejilaza mkekani, kitabu kifuani. Alikuwa hajafika hata ukurasa wa arobaini. Nilimpa kitabu kile bila kufikiri sana, kwa kuwa alikuwa amegoma kusoma chochote ambacho hakina mtihani nyuma yake. Siku ile sikuwa na jibu, ila swali lilinikaa kichwani. Tangu hapo nimewagawia vijana wa ukoo na wa majirani vitabu na filamu kadhaa za aina hiyo: hadithi za kisayansi za kuchekesha ambazo shujaa wake ni kijana mhalifu, mjanja, mwenye maneno matamu. Nimegundua kwamba wezi hawa hawafanani hata chembe. Kijana akipewa asiyemfaa, kitabu kinalala dirishani mpaka kinajaa vumbi, halafu sisi wakubwa tunasema mtoto hapendi kusoma.

Nitawaweka watatu ubavu kwa ubavu, wale ninaowajua vizuri: Jim diGriz wa Harry Harrison, Artemis Fowl wa Eoin Colfer, na Peter Quill wa filamu ya Guardians of the Galaxy. Wapo wengine, na mmoja nitamgusa njiani.

Watu wakiwalinganisha hawa huuliza nani ana akili zaidi. Swali hilo halikusaidii kuchagua, maana wote wana akili na wote wana ulimi. Mimi nauliza mawili: katoka nyumba ya namna gani, na anapoiba, anayeumia ni nani? Majibu yake ndiyo yaliyonionyesha kila mmoja nimpe nani.

Tumelelewa na Sungura

Kabla sijawafikia, nirudi kwenye swali la mpwa wangu. Sisi hatupaswi kushangaa kwamba tunampenda mwizi. Kuna ukame, wanyama wote wanakubaliana kuchimba kisima, Sungura anakataa kushika jembe. Kisima kinapotoa maji, yeye ndiye anayekuja usiku kunywa. Mlinzi anaahidiwa asali, lakini asali yenyewe, anaambiwa, hailambwi mpaka ufungwe kamba. Anakubali, anafungwa, Sungura anakunywa na kuoga humohumo. Kwa haki maji yale ni ya waliochimba. Bado sijawahi kumsimulia mtoto hadithi hiyo akawa upande wa wachimbaji. Hata Kobe anapojipaka ulimbo mgongoni na kumnasa, wapo wanaonuna.

Abunuwasi naye aliazima sufuria, akairudisha na kasufuria kadogo ndani, akasema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Mara ya pili Abunuwasi akasema sufuria imekufa, na jirani hakuwa na la kusema, kwa kuwa aliyekubali uzazi hana budi kukubali msiba. Hapo tunacheka kwa sababu tamaa ya jirani ndiyo iliyomtapeli.

Ila mtaani mwizi ana sura nyingine. Nimewahi kuwa sokoni ukapigwa ukelele wa "Mwizi!", watu wakaacha nyanya zao mezani wakakimbia na mawe. Aliyekuwa akikimbizwa alikuwa kijana wa umri wa mpwa wangu, na kilichoibwa kilikuwa simu. Wazee wawili walimkinga mpaka askari wakaja. Sijasahau jinsi alivyokuwa akihema. Hakukuwa na wa kucheka pale, na hadithi yoyote inayotaka tumcheke kijana yule nisingempa mtoto.

Kwa hiyo naona hesabu ya waandishi hawa ni ileile ya bibi zetu. Bibi alimpeleka mwizi wake porini, akamvalisha masikio marefu. Wao wanampeleka sayari nyingine, au mji wa chini ya ardhi. Akishakuwa mbali hivyo, mtoto anaweza kuonja ujanja bila kunusa damu, akawaza kwa utulivu kwa nini mtu anaiba.

Jim, panya wa chuma

Harry Harrison alizaliwa Marekani mwaka 1925. Alichora katuni kabla ya kuandika, alitumikia jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akatoka huko akiwa hataki tena kusikia habari za amri na saluti. Jim diGriz alimtoa kwanza kama hadithi fupi jaridani mwaka 1957, na riwaya ya kwanza, The Stainless Steel Rat, ikatoka 1961.

Mwanzo wake ndio uliomnasa mpwa wangu. Polisi anaingia ofisini kwa Jim na kuanza kumsomea mashtaka. Jim anabonyeza kitufe, sefu la tani tatu linadondoka kutoka juu na kumpondaponda polisi. Unashtuka: ameua! Halafu chini ya chuma kile sauti inaendelea kusoma mashtaka, kwa utaratibu uleule. Polisi alikuwa roboti, na Jim alilijua hilo tangu mwanzo, kwani yeye haui mtu. Ukurasa mmoja huo umekupa tabia ya kitabu chote: kishindo, kicheko, na mpaka ambao mwizi huyu havuki.

Jina lake la panya lina maana yake, nami nalipenda sana. Nyumba ya zamani ya mbao ina nyufa kila mahali, na panya wamejaa. Nyumba ya zege na chuma ina nyufa chache, kwa hiyo panya anayeishi humo hana budi naye awe wa chuma, chuma kisichoshika kutu. Dunia ya Jim imepangwa, imelishwa, imechunguzwa, hakuna njaa wala uhalifu wa maana. Yeye anaishi kwenye nyufa.

Lakini Jim wa 1961 ni mtu mzima. Ukitaka kijana, chukua A Stainless Steel Rat Is Born, iliyotoka 1985, inayosimulia alivyoanza. Ana miaka 17, kwenye sayari ya wakulima ambako wanafuga mnyama aliyezaliwa kwa kuchanganya nguruwe na nungunungu. Wazazi wake si wabaya. Hawampigi, hawamnyimi chakula. Ni kwamba hawaoni kingine duniani zaidi ya zizi, na hawatamwelewa hata akieleza mwaka mzima. Anachofanya ni kuvamia benki makusudi akamatwe, apelekwe jela, akafundishwe na mabingwa wa wizi. Anafika jela anakuta imejaa walioshindwa. Ndipo inapomjia akilini kwamba mabingwa hawako jela, kwa kuwa bingwa hakamatwi. Inabidi atoroke na kumtafuta mwalimu wa kweli, mzee aliyestaafu ambaye wanamwita Askofu. Mpwa wangu alicheka mpaka akamwamsha mama yake.

Anayeumia ni nani? Jim anaiba kwenye benki zenye bima, na anajitetea kwamba anawapa polisi mazoezi na wananchi habari za kuzungumza. Ni utetezi wa mtu wa miaka 17, na kijana wa umri huo anausikia kama muziki. Huoni sura ya mtu aliyelia kwa sababu yake. Hiyo ndiyo raha ya vitabu hivi, na ndiyo kasoro yake pia: baada ya vitatu vinne unaona Jim habadiliki, anatoroka tu kwa njia nyingine. Mimi nisingemfuatisha kijana mfululizo mzima, uliofika mpaka 2010. Mpe cha 1985, kisha cha 1961. Akitaka zaidi atatafuta mwenyewe.

Kuna jambo lazima nilitaje kwa wenye mabinti. Kwenye kitabu cha 1961 Jim anakutana na Angelina, muuaji mwenye akili kumshinda. Ni mtu wa kuvutia kuliko wote kitabuni. Halafu mwandishi anatuambia aliharibika kwa sababu alizaliwa na sura mbaya, akaiba na kuua apate fedha za kujibadilisha. Maelezo hayo yaliniudhi nilipoyasoma, na bado yananiudhi. Binti wa miaka kumi na minne ameshaambiwa mengi mno kuhusu sura yake. Nikimpa kitabu hicho msichana, namwambia mapema kwamba hapo sikubaliani na mwandishi, naye aone mwenyewe.

Na jambo la furaha: watu wa sayari hizo zote wanaelewana kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane. Harrison mwenyewe alikuwa mpiga debe wa lugha hiyo. Sisi ambao mtu anatoka Bukavu anaelewana na mtu wa Lamu bila mkalimani, hatuhitaji kushawishiwa kwamba lugha moja inaweza kuvuka mipaka mingi hivyo.

Artemis, na mama aliye ghorofani

Eoin Colfer alikuwa mwalimu wa shule huko Wexford, Ireland, Artemis Fowl ilipotoka mwaka 2001. Vitabu ni vinane, cha mwisho kimetoka 2012. Shujaa ana miaka 12 tu. Baba yake, tajiri wa ukoo wa wahalifu wa vizazi vingi, alipotea na meli yake huko Urusi ya kaskazini. Mali imepungua. Mtoto anaamua kuirudisha: atamteka kibwengo mmoja wa hadithi za kale za Ireland na kudai tani moja ya dhahabu.

Vibwengo wa Colfer wana mji wao chini ya ardhi, wana polisi, kompyuta, bunduki za miale, mabawa ya injini, na mitambo ya kusimamisha muda. Kuna anayebisha kwamba hiyo si hadithi ya kisayansi. Simwekei pingamizi, ila msomaji hatatofautisha: kila uchawi una fundi wake na kasoro zake. Vichekesho ni vya kitoto kwa maana nzuri. Kuna mbilikimo mwizi anayechimba handaki kwa kula udongo mdomoni na kuutoa nyuma kwa kishindo. Watoto wa miaka kumi na moja wakifika hapo huwa wanasomeana kwa sauti.

Hata hivyo, ukimweka kando ya Jim, Artemis ni mzito. Fungua mwanzo. Yuko Ho Chi Minh City, Vietnam, na mlinzi wake Butler. Wamempata kibwengo mzee, mlevi, aliyepoteza nguvu zake kwa pombe, anayejificha uchochoroni. Artemis anamnywesha kitu kinachomdhuru, kisha anamwonyesha dawa na kumwambia atampa akimwazima kitabu cha siri cha jamii yake kwa nusu saa. Mama yule mgonjwa anakitoa. Kamera inapiga kurasa moja baada ya nyingine. Mtoto wa miaka 12 ndiye anayefanya haya, amevaa suti, na haonyeshi haya usoni.

Kisha anamteka Holly Short, kapteni wa polisi wa chini, mwanamke wa kwanza katika kikosi chake. Tunamjua Holly. Tunajua bosi anavyomfokea, tunajua anavyolazimika kufanya kazi mara mbili ya wanaume ili aonekane anatosha. Sasa amefungiwa chumbani chini ya nyumba, na mtekaji ndiye shujaa wetu. Jim hajawahi kutuweka pabaya hivyo. Kila unapocheka maneno ya Artemis unakumbuka kuna mtu chini.

Na juu kuna mtu pia. Mama yake amelala ghorofani, mapazia yamefungwa, akili imemtoka tangu mume apotee, mara nyingine hamtambui mwanawe. Artemis anapanda ngazi kumjulia hali, anashuka, anaendelea na mpango wake. Colfer hakuandika mahubiri hapo. Ameandika ngazi tu, mtoto anapanda, mtoto anashuka.

Nitafichua jambo moja, na asiyetaka aruke aya hii. Artemis anaipata dhahabu. Kisha anairudisha nusu yake kwa Holly, ili Holly atumie nguvu zake kumponya mama. Hapo ndipo unajua alichokuwa anakitaka tangu mwanzo, na kwamba yeye mwenyewe huenda hakukijua.

Tahadhari: usimwanzishe mtoto na filamu ya Artemis Fowl ya mwaka 2020. Walimfanya Artemis kuwa mtoto mwema anayemwokoa baba. Utekaji ule wa kudai dhahabu ukaondoka, na kitabu kizima kikaondoka nao. Nadhani waliogopa watazamaji hawatampenda mtoto mhalifu, wakati wasomaji walikuwa wamempenda kwa miaka karibu ishirini akiwa na makosa yake yote. Kijana aliyeiona kwanza ni vigumu kumrudisha kitabuni. Nimejaribu kwa wawili, nikashindwa kwa wote.

Quill, na kaseti ya mama

Quill ni wa filamu, na katika hawa ndiye watu wengi wanaomjua. Guardians of the Galaxy ilitoka 2014, imeongozwa na James Gunn, na Quill ni Chris Pratt. Ni mtu mzima kwa miaka, lakini amekwama utotoni, na filamu inakuonyesha dakika aliyokwama. Mwaka 1988, hospitali huko Marekani. Mama yake anakufa kwa uvimbe wa ubongo. Ananyoosha mkono, anamwambia mtoto aushike. Mtoto anaogopa, anageuza uso. Mama anakata roho. Mtoto anakimbia nje usiku akilia, na chombo cha majambazi wa anga kinashuka na kumbeba.

Tunapomwona tena imepita miaka 26. Yuko peke yake kwenye sayari iliyokufa, amekuja kuiba kitu. Anavaa vipokea sauti masikioni, anawasha kaseti aliyorekodiwa na mama, na kuanza kucheza katikati ya magofu. Anaokota kinyama kama panya na kukifanya maikrofoni. Ukumbi niliokuwa nimekaa ulilipuka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, na donge lilikuwa bado kooni.

Kichekesho chake kikubwa ni kwamba anataka kuitwa Star-Lord na hakuna anayelijua jina hilo. Adui anamwelekezea silaha, yeye anajitambulisha kwa mbwembwe, adui anauliza, nani? Vijana wanaotamani kujulikana mtandaoni wanaielewa sehemu hii bila maelezo.

Anamwibia nani? Kwanza waliomlea. Yondu, kiongozi wa majambazi, ndiye aliyepanga biashara ya kile kitu. Quill anataka kuuza mzigo peke yake. Mwisho wa siku anayelipa ni yeye: kila anachokimbilia ni cha mama. Wanapotoroka jela anaacha wenzake na kurudi ndani kuchukua kile kicheza kaseti chake. Kwa mwizi wa kawaida huo ni wendawazimu. Aliyepoteza mzazi hahitaji kuulizwa kwa nini karudi.

Sasa uchague

Kijana asiyesoma kabisa, anayechoshwa na kila kitu, wa miaka kumi na minne kwenda juu: mpe Jim. Anasimulia mwenyewe, kwa mimi na mimi, hakuna maelezo marefu ya mandhari, na kila sura inaishia mtu akiwa hatarini. Kiingereza chake ni chepesi. Ugumu ni kumpata. Kwenye vitabu vya mitumba vya kando ya barabara nimemkuta mara moja tu, jalada limechanika, wakati Artemis nimemwona mara tatu.

Mtoto wa miaka kumi hadi kumi na tatu anayesoma vizuri, hasa yule anayeambiwa ana akili lakini hana rafiki darasani: Artemis. Maneno mengine yatamtatiza, maana Colfer anapenda kuchezea lugha, ila mtoto wa namna hiyo anapenda kutatizwa. Kama nyumbani kuna mzazi mgonjwa, kisome wewe kwanza, halafu uamue. Kinaweza kumpa mtoto nafuu kubwa kuona mwenzake kwenye ngazi zile, na kinaweza kumlemea. Wewe ndiye unayemjua.

Familia inayotaka kukaa pamoja Jumamosi, wakubwa kwa wadogo: Quill. Kuna mapigano na lugha ya mtaani kidogo, na tukio la hospitali linawagusa wadogo sana. Mimi hukaa nao karibu dakika zile za mwanzo.

Na kama unaye msomaji anayechekeshwa na sentensi kuliko na tukio, mruke wote watatu umpelekee Zaphod Beeblebrox wa Douglas Adams, kutoka The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, iliyoanza redioni BBC mwaka 1978 na kuwa kitabu 1979. Ni rais wa galaksi mwenye vichwa viwili na mikono mitatu, na siku ya kuzindua chombo kipya cha serikali anakiiba yeye mwenyewe mbele ya wageni. Si kijana kwa umri. Adams alipenda sana faru, na mwaka 1994 alishiriki safari ya kupanda Kilimanjaro kuwachangia fedha, safari iliyokuwa na mtu aliyevaa vazi zima la faru. Alifariki 2001, na mwandishi aliyepewa kazi ya kuendeleza vitabu vyake mwaka 2009 alikuwa Eoin Colfer. Baba wa Artemis akamrithi Zaphod.

Wazazi huniuliza kama hadithi hizi hazifundishi wizi. Ni swali la haki, silikwepi. Ninachoweza kusema ni nilichokiona. Vijana niliowapa vitabu hivi walianza kuuliza mambo ambayo hawakuwa wakiuliza. Mpwa wangu, baada ya Jim, aliniuliza bima hulipwa na nani hasa, na nilipomweleza kwamba kila mwenye akaunti anachangia senti zake, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi kumbe anaumiza watu, ila kidogokidogo." Hilo Jim hakumwambia. Alilipata kwa kumpenda Jim kiasi cha kutaka kumtetea, na utetezi ukamshinda. Ningemsomea somo la uadilifu angekuwa amelala dakika ya tatu.

Mwingine ni binti wa jirani, miaka 12. Baba yake ni baharia, anarudi mara moja kwa mwaka, na simu zake zinakatikakatika. Nilisita kumpa Artemis kwa sababu ya ile meli iliyopotea. Nilimwambia mama yake wazi, Dada, humu kuna baba aliyepotea baharini, unasemaje? Alifikiri, akajibu, "Mpe tu, Kaka. Usiku analiwaza hilohilo, bora alisome lina mwisho."

Chini ya kurasa za kitabu kile kuna mstari wa alama za ajabu, maandishi ya vibwengo, unaoendelea ukurasa kwa ukurasa. Wengi tunaupita tukidhani ni pambo. Baada ya wiki tatu alinirudishia kitabu, akanipa shikamoo mlangoni, akaondoka mbio. Nilipokifungua nikakuta chini ya kila alama ameandika herufi moja kwa penseli, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kesho yake nilimuuliza maandishi yale yanasema nini. Akacheka, akasema, "Si nimeshakuandikia, Mjomba? Soma mwenyewe."